Mkazi wa Pili

Kabla ya kupiga muhuri mkataba mpya wa mwaka, Azzam, wakala wa jengo, aliuliza swali moja tu: wakazi ni walewale? Elisante aliyatazama majina mawili kwenye karatasi, lake na la Anna, akajibu kuwa ni walewale. Azzam akasema khalas, yamekwisha, akamsindikiza hadi kwenye lifti akilalamikia joto.

Anna alikuwa amezikwa nyumbani Machame tangu Februari. Elisante hakuwa amewahi kulitamka jambo hilo. Huko ughaibuni, kwenye hoteli ya mtaa wa Al Garhoud alikofanya kazi ya uhasibu, aliwaambia wenzake kwamba mkewe amesafiri, nao wakaacha kuuliza. Aliongeza muda wa upangaji kwa sababu fleti ile ya Jumeirah Lake Towers ndiyo mahali pekee ambapo nguo za Anna zilikuwa bado zimetundikwa kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki hiyohiyo, akitoka kazini, alisimamishwa na mlinzi mpya wa mapokezi, Mkenya aitwaye Alfred.

"Boss, hukuniambia bibi amerudi. Amekuja mchana bila kadi, nikacheki jina kwa list, nikamfungulia lifti. Lakini huyo madam hasalimii watu, ama ni mimi tu ananichukia?"

Elisante alimshukuru, akapanda juu. Fleti ilinuka udongo mbichi, udongo wa shimo lililochimbwa karibuni, na madirisha ya jengo lile hayafunguki. Sakafu ya bafu ilikuwa imelowa. Alichohisi kwanza ni furaha, akaionea aibu.

Furaha haikudumu. Alianza kukuta viatu vyake vimegeuzwa kuelekea nje. Kisha mashati yake, wembe na mswaki, vyote vimerundikwa mlangoni, huku nguo za Anna hazijaguswa. Ijumaa mchana, akiwa amejilaza, mikono miwili ya baridi ilimsukuma mgongoni, polepole, bila hasira, kama mtu anayesogeza mzigo wa mwingine ili apate nafasi yake, mpaka akaangukia sakafuni, na alipoinua kichwa aliona godoro likibonyea katikati.

"Anna," aliita.

"Abee," ikaitika sauti.

Hapo ndipo alipoogopa. Anna hakuwahi kumwitikia mtu abee maisha yake yote. Akiitwa, alisema "Nini tena?" hata kwa mchungaji.

Alipowaambia wenzake Waislamu wa kazini kuwa fleti yake ina kitu, walimpeleka kwa Bi Masuda, Mzanzibari aliyeishi Al Warqa kwa bintiye na aliyejulikana kwa kutoa majini. Alikuja kesho yake alasiri na chetezo na ubani. Alifukiza kila kona akisoma kwa sauti ya chini, lakini moshi ulipofika mlango wa bafu ulisimama, ukajikunja, ukarudi. Bi Masuda alinong'ona na kitu kilichokuwa humo, akasikiliza, kisha akamgeukia Elisante.

"Baba, huyu hakuvamia. Keshaandikwa humu kwa jina la mkeo, na jina umempa wewe. Miye hutoa wavamizi."

Elisante aliuliza afanye nini.

"Mvue jina. Sema humu ndani, kwa kinywa chako: Anna amekufa. Ukishasema, hana pa kukaa."

Elisante alifungua kinywa, na hapo bomba ambalo hakuna aliyeligusa likaanza kumwaga maji, na harufu ya udongo ikapanda mpaka akaionja kwenye ulimi, na kutoka nyuma ya ule mlango ambao moshi haukuweza kuuvuka ikaja sauti, si ile ya Ijumaa, bali sauti yenyewe, iliyokwaruzwa na ugonjwa wa wiki za mwisho, yenye papara ileile aliyoishi nayo tangu siku ya harusi yao.

"Nini tena, Eli?"

Bi Masuda alimshika kifundo cha mkono. "Si yeye. Keshajifunza tu. Sema."

"Anna," alisema. Akajaribu tena. "Anna."

Neno la pili halikutoka. Bafuni kitu kilicheka, taratibu, kama mtu aliyeshinda kesi. Bi Masuda alizima makaa kwenye sinki la jikoni, akafunga ubani wake, akasema kwa upole kwamba basi, nyumba si ya Elisante tena, na akakataa kusindikizwa.

Elisante alilala juu ya mashati yake, karibu na mlango, akisikiliza kitanda kikilia kwa uzito wa mtu anayejigeuza.

Asubuhi alishuka kununua mkate na maziwa. Aliporudi alitia ufunguo kwenye kitasa, akafikiri kidogo, akauchomoa. Alirudi nyuma hatua moja, akaiweka sawa kola ya shati. Kisha akabisha hodi, akasimama nje akisubiri kuruhusiwa.