Siku Mzee Lukhiram Aliposhikishwa Masikio

Maino hakuwa na mama, hakuwa na baba, wala viatu vya msimu wa baridi. Alikuwa na kaka yake, Chaitan, aliyewafundisha watu wazima kusoma katika kijiji chao cha Wasantali, huko India. Mshahara huo mdogo ndio uliowalisha. Kila jioni Maino alifagia baraza, akatandika mikeka na kuwasha taa.

Chaitan alimaliza sekondari tu. Hakuna aliyemwonyesha namna ya kumfundisha mtu mzima, basi alifundisha kama alivyofundishwa utotoni. Jioni moja Mzee Lukhiram alisinzia darasani, maana alikuwa ametoka shambani.

"Mzee, umekuja kusoma au kukoroma?" Chaitan alifoka. "Simama! Shika masikio, chuchumaa, inuka!"

Lukhiram alidhani ni mzaha. "Mwalimu, magoti haya yamekuzidi umri."

"Nimesema shika!"

Mzee akashika, akachuchumaa. Champa, mke wa mwanawe, alikuwa mwanafunzi pia. Mkwe ambaye kwa mila hata jina la mzee huyo hakulitamka, sasa alimwona akiadhibiwa kama mtoto mtoro. Akajifunika uso kwa sari. Maino peke yake ndiye aliyecheka.

Kulipokucha, Lukhiram alikwenda ng'ambo ya mto kufyatua matofali, kazi ya vijana. Wenzake nao wakaacha kuja darasani.

Habari zilipoenea kwamba mkaguzi anakuja, Chaitan alimwambia Maino, "Ukiulizwa, sema wanafunzi wote wamekwenda kwenye matofali. Mzee si amekwenda?"

"Kaka, amekwenda yeye tu."

"Haya, sema ukweli basi, tule majani!"

Mkaguzi, Bi Salge, alikuta mikeka mitupu. "Darasa lisilo na watu hufungwa," alisema. "Maino, wako wapi?"

Maino alimtazama kaka yake.

"Wako majumbani mwao. Kaka alimshikisha Mzee Lukhiram masikio mbele ya mkwewe. Nami nikacheka."

"Umetumaliza," Chaitan alinong'ona.

"Nani alikufunza kufundisha wazee?" Bi Salge alimwuliza.

"Hakuna. Mlinipa chaki, mkaondoka."

"Hilo ni kosa letu. Masikio ya mzee ni kosa lako."

"Nitamwandikia kumwomba radhi."

"Asomewe na nani? Na wafyatuaji wenzake, ili aaibike tena? Nenda mwenyewe."

Wote watatu wakavuka mto. Chaitan aliinama hadi miguuni pa mzee. Lukhiram hakuacha kukanda udongo.

"Nimesikia," alisema. Kisha akamgeukia Maino. "Hapa kazi inaua, lakini matofali hayacheki."

Maino akalia. "Nisamehe, babu."

Mzee alifuta udongo mikononi. "Mvua zikianza nitarudi. Mwambieni Champa na wenzake watangulie."

Njiani Bi Salge alisema, "Darasa halitafungwa. Chaitan, andika barua kwa chuo cha ualimu, uombe mafunzo, na utaje ulilofanya."

"Wakubwa wakinifukuza?"

"Huenda. Lakini anayefundisha naye hana budi kufundishwa. Na wewe Maino, umesema kweli iliyoweza kukunyima chakula. Shikilia hivyo hivyo. Ila kumbuka, asiyejua kusoma si mtoto. Ana heshima yake, na ikivunjika, haiungwi kwa siku moja."

Walipofika nyumbani, Chaitan aliandika yote. Maino akagandisha bahasha kwa punje za wali, akaibana kwa kiganja hadi ikashika, kisha akampa Bi Salge aipeleke posta.