Ndege wa Miguu ya Njano

Soko la Kwa Sadala lilikuwa limefurika, na Denis alikuwa amechuchumaa kando ya mtaro katikati ya wauza ndizi, darubini machoni. Aikaeli, kitenge chekundu kiunoni na mkungu kichwani, nusura amkanyage.

"Kaka, hii njia ni ya watu."

"Samahani dada. Subiri kidogo, utamtisha."

"Nani?"

Alimwonyesha ndege mdogo wa kahawia aliyekuwa akidonoa tope, mkia ukichezacheza bila kutulia.

"Kitwitwi. Ona weupe wa tumbo unavyopanda mbele ya bega. Ukiona huo na mkia wa namna hiyo, ni yeye. Anataga Ulaya, baridi ikianza anakuja kwetu."

"Ana akili kuliko wewe unayechuchumaa kwenye uchafu."

Denis akacheka, akambebea mkungu, akaomba namba.

Mapenzi yakakolea. Denis aliongoza watalii wa ndege, na kila jioni simu iliita.

"Leo umeona nini, mpenzi?"

"Wengi tu. Hakuna hata mmoja mwenye kitenge chekundu."

"Mwongo wewe."

Wakapanga siku ya Denis kuja kwao Aikaeli, Machame, kujitambulisha baada ya Krismasi, wakati ukoo mzima umerudi mlimani. Siku hiyo ikipita, watu hawakusanyiki tena mpaka Desemba nyingine. Mbege, pombe ya ndizi, ikapikwa. Aikaeli akavaa gauni jipya la kijani, akakaa akiangalia geti.

Denis alikuwa kazini kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Asubuhi ile mtalii wake aliona ndege mdogo wa matopeni wasiyemtambua, miguu ya njano wakati ya wenzake wote ni myeusi. Denis akajiambia amtazame kidogo tu. Ndege akahama, wakamfuata hadi pasipo na mtandao. Alipopata jina lake, jua lilikuwa linazama. Ni upumbavu, na mimi simtetei.

Kule Machame shangazi aliuliza, "Huyo mwanamume yupo kweli?" Aikaeli akaingia chumbani kulia.

Kesho yake Denis alipanda mlimani na jani la isale mkononi. Kwa Wachagga, ukiombwa msamaha kwa isale hukatai.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," alijibu mzee Sifael, baba yake Aikaeli, akalipokea. "Yameisha, mwanangu."

Denis akamgeukia Aikaeli akitabasamu. Alidhani amerudishiwa kila kitu.

"Na mimi nimekusamehe," Aikaeli alisema, macho mekundu.

"Basi nije lini tena, mpenzi?"

"Usije."

"Si umenisamehe?"

"Kabisa. Sina kinyongo. Lakini jana nilikutetea mbele ya ukoo mzima mpaka maneno yakaniishia. Siwezi kuifanya kazi hiyo maisha yangu yote."

Bado alimpenda, na alijua itamchukua muda mrefu kuacha. Akajifuta machozi, akamsindikiza mpaka barabarani kama anavyosindikizwa mgeni yeyote, akamshukuru kwa kuja.