Kabari ya Belmira

Kila asubuhi Belmira alimnyoa mumewe ndevu. Hata siku za barafu alimnyoa. Alisema mwanamume mwenye ndevu chafu huonekana mgonjwa, na Hermínio wake si mgonjwa, amechoka tu. Huo ulikuwa uongo wake mdogo, na sote tulimwachia. Hermínio alikuwa amepigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia ilikufa. Maneno nayo yalimpotea yote, likabaki moja: "Haya." Kulikuwa na haya ya njaa, haya ya baridi, na haya ya kutaka kugeuzwa kitandani. Belmira alizijua zote.

Mimi ni Otília, jirani yao. Nyumba zetu zinagawana ukuta mmoja, na ukuta huo hauzuii sauti. Nilimsikia akimwinua mumewe kutoka kitandani.

"Haya twende, mzee. Hopa! Loo, una mifupa au una mawe humo ndani?"

"Haya," akajibu Hermínio.

Binti yao anafanya kazi ya usafi Luksemburgi. Huja Agosti, hupika, hulia, huondoka. Kwa hiyo mzigo ulikuwa wa Belmira peke yake.

Baada ya Pasaka nikaona mashavu ya Hermínio yamejaa mikwaruzo ya wembe. Nikamtania Belmira.

"Jirani, siku hizi unamnyoa mtu au unamchinja?"

Akacheka. Kisha akakaa kwenye ngazi, akaanza kulia. "Otília, sioni vizuri. Pembeni kote ni giza."

Nikampeleka mjini kwa daktari wa macho. Daktari akasema ni presha ya macho. Akasema dawa ya matone haitoshi tena. Jicho la kushoto lilikuwa limeharibika zaidi, kwa hiyo lilitakiwa kupasuliwa upesi. La kulia lingefuata.

"Mama, nikuambie wazi," akasema. "Ugonjwa huu ukishakula, umekula. Kilichopotea hakirudi. Tunalinda kilichobaki. Usichelewe."

"Na nikishapasuliwa?"

"Wiki kadhaa usiiname. Usinyanyue kitu kizito."

"Hermínio nitamwinua kwa kitu gani, daktari? Kwa kope?"

Daktari hakucheka. Belmira akasema akishapata mahali pa kumweka mumewe, atakuja. Tukarudi nyumbani.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Mwaka ule tulikuwa na serikali ya mrengo wa kati kushoto. Ilikuwa imepitisha sheria mpya. Sheria ilisema hivi: anayemtunza mgonjwa nyumbani naye ni mtu. Ana haki ya kupumzika. Akihitaji mapumziko, au akiugua mwenyewe, mgonjwa wake apokelewe kwenye nyumba ya matunzo kwa wiki kadhaa, kisha arudishwe kwake. Redio iliitangaza. Padri aliisoma kanisani. Afisa ustawi wa jamii, Bi Graça, akawa anakuja ofisi ya kata kila Alhamisi kusaidia watu kuomba. Alikaa pale na jiko lake la umeme la kuota joto miguuni, anangoja.

Hakwenda mtu.

Kwa nini? Kwa sababu ya kabari. Kwetu Ureno, mtu mkubwa anayekusukumia jambo lako tunamwita kabari, kama ile ya kupasulia kuni. Unataka kazi, tafuta kabari. Unataka kitanda hospitalini, tafuta kabari. Wengi wetu tunaamini kwamba kwenye dawati la ofisi huenda yule asiye na mtu wake. Kwenda dawatini ni kama kutangaza kijiji kizima kwamba huna ndugu.

Na Belmira alikuwa na ndugu. Mwezi Juni serikali ilimteua binamu yake, Norberto, kuwa mkurugenzi wa hifadhi ya jamii wa wilaya yetu. Amândio mwenye mgahawa alirusha fataki mchana kweupe, mbwa wakakimbia mpaka kwenye mashamba ya mizeituni.

"Belmira!" akapiga kelele. "Umeula, dada! Una kabari ya chuma!"

Belmira akavaa gauni lake la kanisani. Akafunga soseji zilizokaushwa kwa moshi na dumu la mafuta ya zeituni, nikamwendesha hadi mjini. Norberto alitupokea vizuri mno. Alikuwa na ofisi kubwa, na kiti kilichozunguka. Akambusu Belmira mashavu yote mawili.

"Binamu! Hermínio anaendeleaje?"

Belmira akamweleza yote. Akaeleza habari za macho pia. Norberto akatikisa kichwa kwa huruma. Nadhani huruma ile ilikuwa ya kweli.

"Niachie mimi," akasema.

"Nikaombe pale ofisi ya kata?" akauliza Belmira.

"Wewe? Ukapange foleni kama mtu asiye na kwao? Niachie mimi, binamu." Akajigonga paji la uso kwa kidole. "Umo humu."

Njiani nikamwambia, "Shoga, Alhamisi twende kwa Bi Graça hata hivyo."

Akanigeukia kwa hasira. "Ili Norberto asikie kwamba simwamini? Unataka nimwaibishe mtoto wa shangazi yangu?"

Mtu akishasema shangazi, mazungumzo yamekwisha.

Julai akampigia simu. "Iko njiani, binamu." Agosti binti alikuja, akapika, akalia, akaondoka. Septemba tulivuna zabibu. Belmira aliposhika mkasi alikata kidole badala ya kishada. Akampigia tena. "Iko juu ya meza ya wakubwa, binamu. Vumilia kidogo." Oktoba akaanza kugonga miimo ya milango kwa bega la kushoto. Alikuwa akisema mlango umesogea. Tulicheka naye, Mungu atusamehe.

Novemba hospitali ilimpigia na kumpa siku ya upasuaji. Nilikuwepo jikoni kwake. Alishika simu, akamtazama Hermínio aliyekuwa anangojea supu.

"Haya," akasema Hermínio. Ilikuwa haya ya njaa. Hakuelewa maskini.

"Bado sijapata pa kumweka mume wangu," Belmira akawaambia. "Binamu yangu anashughulikia."

Wakampa siku hiyo mtu mwingine.

Kisha mambo yakafumuka magazetini. Ikaonekana vyeo vingi vilikuwa vimegawiwa wake, mashemeji na wakwe wa wakubwa. Norberto alikuwa shemeji wa naibu waziri. Bungeni wakarushiana maneno wiki nzima. Serikali ikaona haya, ikawaondoa watu kadhaa, naye Norberto akiwamo. Kabla ya Krismasi alikuwa amefungasha vitu vyake.

Amândio aliifungua televisheni ya mgahawani kwa sauti kubwa. Belmira alikuja kununua mkate akasikia jina. Akasogea karibu sana na kioo, akageuza kichwa ili aone kwa jicho la kulia.

"Ndiye?" akaniuliza.

"Ndiye."

"Basi nani ana jina langu sasa?"

Nikamshika mkono. "Kesho ni Alhamisi," nikamwambia. Safari hii hakutaja shangazi.

Bi Graça alikuwa peke yake, amejifunga shali. Alipotuona alisimama upesi mpaka kiti kikaanguka. Belmira akaeleza kwa aibu habari za Norberto na zile soseji. Bi Graça akafungua kompyuta, akatafuta.

"Hakuna ombi, mama. Jina lako halimo popote. Si hapa, si mjini."

"Lakini mkurugenzi alisema nimo kichwani mwake…"

"Mkurugenzi hana ombi kichwani. Ombi ni lile lililosajiliwa. Lisiposajiliwa, hata waziri mwenyewe hawezi kuliona."

Belmira akainamisha kichwa. "Kwa hiyo sasa kabari yangu imeondolewa. Nimekwisha."

Bi Graça akavuta kiti, akakaa upande wetu wa meza.

"Mama, nisikilize. Kabari ni ya gogo lililogoma kupasuka. Huu ni mlango, na uko wazi. Sheria ilitungwa na bunge kwa kila mtu. Mkurugenzi huteuliwa na serikali ili aitekeleze tu. Leo yuko huyu, kesho yuko mwingine. Amekula soseji zako, ameondoka. Sheria yako iko palepale, haijaenda naye."

"Hata nisipojuana na mtu?"

"Hata ukiwa mgeni wa jana. Yule asiye na mtu ndiye hasa aliyefikiriwa walipoitunga."

Nikashindwa kujizuia. "Lakini ni serikali hiyohiyo, Bi Graça! Iliyotunga sheria nzuri ndiyo iliyotuletea Norberto!"

"Ndiyo hiyohiyo," akakubali. "Sheria ilikuwa nzuri na uteuzi ule ulikuwa mbovu. Kizuri kisifie, na kibovu ukipigie kelele. Ila usichanganye vitu hivi viwili. Mtu akikuahidi kwa fadhila jambo ambalo ni haki yako, ujue anakuchelewesha."

Kisha akatuambia vinavyohitajika: kitambulisho cha Belmira na cha Hermínio, karatasi ya daktari ya kiharusi, na karatasi ya daktari wa macho. Belmira alikuwa navyo vyote kwenye mkoba. Alikuwa akivibeba tangu Juni, kumpelekea Norberto akivihitaji. Norberto hakuwahi kuviomba.

Bi Graça akaandika, Belmira akatia saini. Akapewa namba ya ombi.

"Namba hii uishike," akasema Bi Graça. "Ukipiga simu, usiulize fulani yupo. Uliza namba hii imefika wapi. Ukiona kimya, njoo tuandike malalamiko. Nayo ni haki."

"Ni hivyo tu?" akauliza Belmira.

"Ni hivyo tu, mama."

Nilidhani atafurahi. Akafunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa akalia kwa sauti, mpaka mwenyekiti wa kata akachungulia mlangoni. Nami nililia. Lilikuwa jambo la asubuhi moja, tena mwendo mfupi kutoka nyumbani kwake.

Januari nafasi ikapatikana. Gari lilikuja kumchukua Hermínio. Belmira alimnyoa taratibu kwa kupapasa, akamvalisha koti zuri. Akawaambia wahudumu: "Akisema haya huku anatazama dirisha, anataka kugeuzwa. Akisema haya kwa kuvuta, ni njaa. Msimwache na baridi, hana neno la baridi ila hilohilo."

Wakaahidi. Gari lilipoondoka alibaki barabarani muda mrefu, mikono yake haijui ishike nini.

Daktari alimpima kabla ya kumpasua. Akamulika jicho la kushoto, akamulika tena.

"Hili limekwenda, mama," akasema polepole. "Siwezi kulirudisha. Tulifanye la kulia sasa hivi, kabla halijalifuata."

"Mwezi Juni lingepona?"

Daktari akatazama chini. "Mwezi Juni ningeokoa sehemu kubwa."

Belmira aliitikia kwa kichwa.

Upasuaji wa jicho la kulia ulikwenda vizuri. Nilimpikia supu ya sukumawiki na viazi, nikamkataza kuinama. Alimaliza mapumziko yake yote nyumbani, na Jumapili nilimpeleka kumwona mumewe. Hermínio alikuwa amenenepa kidogo, amenyolewa. Alipomwona mkewe alisema "haya" ambayo hatukuwahi kuisikia kabla, na Belmira akamlalia kifuani. Wiki zilipoisha akarudishwa nyumbani. Sheria ikawapa pia mhudumu wa kumwogesha asubuhi, kwa sababu Bi Graça aliwaombea na hilo. Siku hizi Belmira hamnyanyui mtu peke yake. Jicho lililobaki linaona kama lilivyoona mwaka jana, na daktari anasema litadumu akitumia matone yake.

Norberto alimpigia simu mara moja, kumpa pole. "Binamu," akasema, "kwani hukuomba pale ofisini? Ungepata zamani!" Belmira aliiweka simu mezani bila kuikata, akaenda kumwangalia Hermínio. Sauti ikaendelea kuongea na meza.

Mwezi Machi serikali ilimteua mkurugenzi mpya. Mama yake Amândio alikuwa amevunjika nyonga, na Amândio alikuwa hajalala vizuri tangu hapo kwa kumuuguza. Alhamisi asubuhi nikamwona anapita na mguu wa nguruwe uliokaushwa, umefungwa kwa kitambaa cheupe, anaelekea kituo cha basi la mjini. Belmira alikuwa amekaa kizingitini kwake.

"Habari za asubuhi, dada Belmira," akasema Amândio.

Belmira akashtuka, akageuza kichwa chote kutafuta sauti. "Nani? Njoo upande wa pili. Huku nilishapofuka."

Amândio akazunguka, akasimama mbele yake. Akaona Belmira anavyoutazama ule mguu wa nguruwe kwa jicho moja. Belmira hakumwuliza anakwenda wapi. Aliinuka tu, akachukua koti lake msumarini.

"Umebeba kitambulisho cha mama?"

"Ninacho."

"Na karatasi ya daktari?"

"Ninayo, lakini…"

"Basi hiyo nyama mrudishie mama yako akale," akasema, akamshika mkono. "Bi Graça anafungua sasa hivi. Nishike vizuri upande huu wa kushoto, hapa kuna ngazi na mimi sizioni."

Wakashuka pamoja, polepole, kuelekea ofisi ya kata.