Mapazia ya Safari ya Umuhoza

Jumatatu ile ya Julai 1992 hapa mtaani kwetu Gitega kulikuwa na jua na vumbi tu. Msinitafutie bundi wala paka mweusi, hawakuwepo. Swafiya alikuwa kibarazani kwake anashona sare za shule, na mdogo wake Umuhoza alikuwa ametandaza ramani juu ya meza ya kukatia nguo, upande mmoja ameugandamiza kwa mkasi, upande wa pili kwa pasi ya mkaa. Kila mji atakaolala aliutia alama kwa chaki ya fundi.

"Ona, dada. Siku ya kwanza Butare. Ya pili tunaingia msitu wa Nyungwe, tunalala humohumo ndani ya gari. Ya tatu Cyangugu. Halafu tunaambaa na ziwa mpaka Kibuye, popote tukipapenda tunasimama, tunapika, tunakaa."

"Na Ruhengeri?"

"Yewe! Kule vita iko, nani aende? Twizeyimana anasema njia ya ziwani ndiyo ya kustarehe." Umuhoza akacheka, akamshika dada yake begani. "Wewe kazi yako ni mapazia tu. Madirisha manne. Jumamosi asubuhi tunaondoka."

Swafiya akasema sawa. Nyuzi zilimkatikia mara tatu asubuhi hiyo.

Twizeyimana ndiye alikuwa bwana harusi. Alikuwa shofa wa Mbelgiji mmoja wa mambo ya kahawa, na vita vilipoanza, mzungu alirudi kwao akamwachia kombi. Na kombi yenyewe si ile ya kubebea watu, jamani! Ndani ilikuwa na kitanda cha kukunja, jiko la gesi, kabati na karai la kuoshea vyombo, na paa lake lilikuwa linainuliwa mtu akasimama wima. Mtaa mzima tulikwenda kuishangaa. Mwanamume mwenyewe mpole, mcheshi, mikono mipana ya kushika usukani. Aprili alikuwa amefiwa na mke wake, Mukandekezi. Alisema mkewe aliteleza bafuni.

Sasa sikilizeni vizuri. Swafiya, mbali na ushonaji, alikuwa anaosha maiti za wanawake wa msikitini kwetu. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, na sharti lake kubwa analijua kila mwoshaji: ukiona jema kwenye mwili wa marehemu waweza kulisema, ukiona baya unalifunika pamoja naye. Hulitoi nje ya kile chumba. Hata kwa mumeo hulisemi.

Siku ya Mukandekezi, Swafiya aliona. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba, kina alama za vidole. Mdomo wa chini umepasuka. Mbavu zilicheza chini ya kitambaa alipozipitishia maji. Shingo aliiacha mwisho, kwa sababu mikono ilimkatalia. Alipoiosha hatimaye, aliifunga sanda haraka, akarudi nyumbani.

Akanyamaza. Alijiambia ni amana. Mimi simtetei, kwa sababu naye mwenyewe hajitetei: alimwogopa Twizeyimana, basi. Na Juni, mwanamume yuleyule alipokuja kumposa Umuhoza, mtoto aliyemlea tangu mama yao afariki, Swafiya aliweza kusema neno moja tu, kwamba ni mapema mno. Umuhoza akamjibu, "Dada, wewe mumeo alikukimbia, ndiyo maana." Pakaishia hapo.

Jumanne Swafiya alikwenda kupima madirisha. Kombi ilikuwa uani kwa Twizeyimana, milango wazi, kuku wanapita chini yake. Aliingia peke yake. Dirisha la kwanza alilipima, akaandika. Aliponyoosha mkono kwenye la pili, alishikwa.

Alishikwa kifundo cha kulia. Kwa nguvu, mpaka mfupa ukalia. Alivuta mkono, ukavutwa zaidi. Mbele yake palikuwa na kioo na jua, basi. Kisha akaachiwa, akaanguka kwa makalio kwenye kitanda cha kukunja. Kifundo kilikuwa kimeanza kuvimba, na juu yake palikuwa na vidole vinne na gumba.

Alizijua zile alama. Alikuwa amezimwagia maji kwa mkono wake mwenyewe. Alirudi nyumbani akavaa blauzi ya mikono mirefu.

Alhamisi ilikuwa nikaha. Tulikaa uani, pilau inapakuliwa, Umuhoza amependeza huyo, macho yote kwa mumewe. Swafiya alikuwa amebeba sinia. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, na hakuna mtu aliyemgusa. Mdomo wake wa chini ulipasuka. Kichwa kilirudi nyuma, sinia likaanguka, damu ikamtiririka kidevuni mpaka kwenye nguo.

"Umejiuma?" shangazi mmoja aliuliza.

Swafiya aliitikia kwa kichwa. Wakati anafutwa, Twizeyimana alikuwa anamtazama kutoka kwenye mkeka wake. Hakuwa anacheka tena. Alikitazama kile kidonda kwa muda mrefu, kisha akaendelea kula.

Usidhani Swafiya hakuelewa. Alikuwa anahesabu. Mkono, mdomo. Kilichofuata alikijua.

Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri alikwenda kutundika mapazia matatu yaliyokuwa tayari. Bwana na bibi walikuwa wamekwenda kuijaribu kombi mpaka njiapanda ya Sonatubes, wakaiegesha na kuingia ndani kula. Swafiya aliingia garini na nyundo ndogo na misumari. Alitundika la kwanza. La pili. La tatu. Alipoinama kuokota nyundo, teke lilimwingia ubavuni.

Lilimtupa kwenye kabati. Vyombo vikaanguka. Likaja la pili, palepale. Ubavu ukavunjika, aliusikia. Likaja la tatu. Swafiya alijikunja sakafuni akiwa hana pumzi hata ya kuita Mungu wake. Nje kuku walikuwa wanaparura. Ndani, karibu na sikio lake, mtu alikuwa anahema kwa shida, hewa inapita kwenye koo lililobonyea.

"Dada Swafi," sauti ikanong'ona. "Sema."

Mukandekezi peke yake ndiye aliyekuwa akimwita Swafi.

"Nimekufunika," Swafiya alinong'ona, analia. "Nimekuhifadhi, mama. Sikukuaibisha kwa mtu."

Kisha ile pumzi ikasogea karibu zaidi, ya baridi.

"Umemfunika yeye."

Swafiya alitoka mle kwa magoti. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyumba ili amtoe mdogo wake, na Mungu ni shahidi safari hii alitaka kusema. Lakini Twizeyimana alikuwa amekaa kizingitini anasafisha plagi kwa msasa. Hakunyanyuka. Alikaa pale mpaka jua likazama.

"Shemeji, bado pazia moja," alimwambia, bila kuinua macho. "Njoo nalo kesho, tuondoke salama."

Jumamosi saa mbili asubuhi kombi ilikuwa imepakiwa kila kitu. Mchele, maharage, mablanketi, dumu la maji, karatasi za kuonyesha kwenye bariyeri za askari njiani. Majirani tulikuwa tumesimama barabarani kuwaaga, tunawatania kama watu wanavyowatania maharusi. Swafiya alikuja na pazia la nne mkononi, anatembea ameshika ubavu. Twizeyimana alikuwa nyuma ya gari anafunga mizigo ya juu kwa kamba. Swafiya akaingia ndani, Umuhoza alikuwamo anapanga sufuria.

"Mdogo wangu, shuka. Sasa hivi. Huyu mtu..."

Sauti ikakatika. Vidole vilikuwa vimemfikia shingoni. Mdomo ulikuwa wazi, maneno yako pale nyuma ya ulimi, na hewa haipiti. Siku zote hizo alikuwa na sauti hakuitumia. Sasa anaitaka, haipo.

Akafanya kitu kimoja alichoweza. Aliuvua mtandio.

Umuhoza aliona. Aliona shingo tupu ya dada yake, nyeupe kwa kufunikwa siku zote. Kisha akaona alama ya kidole inabonyea juu yake, yenyewe. Kisha cha pili. Cha tatu. Ngozi inazama, inageuka zambarau, na hakuna mkono.

"Dada, nini hiyo? Nini hiyo!"

Twizeyimana alisikia, akachungulia mlangoni. Akaona ile shingo. Damu yote ilimtoka usoni. Tangu pale, Umuhoza aliapa baadaye, hakumtazama Swafiya kama Swafiya.

"Wewe," alisema taratibu. "Si nilikuzika?"

Akaingia. Akauburuta mlango nyuma yake.

"Nilikushika hivyohivyo mpaka ukanyamaza, Mukandekezi. Unataka mara ngapi?"

Akamrukia. Mikono yake mipana ikaingia palepale kwenye zile alama, kidole kwa kidole, ikatosha. Alimpigiza Swafiya kisogo ukutani. Mara mbili. Mara tatu. Umuhoza alichukua sufuria nzito akampiga nayo kichwani, damu ikaruka kwenye kioo, hakugeuka hata. Akampiga tena. Twizeyimana alimrudishia kiwiko, jino likatoka. Umuhoza akautambalia mlango. Haukufunguka. Mapazia yakajivuta. Matatu yaliyotundikwa, na la nne, ambalo lilikuwa bado chini, likapanda dirishani likakaa. Mle ndani pakawa giza.

Nje tulikuwa tunaona nini? Kombi ya maharusi, mapazia yamefungwa, gari linanesa. Tulicheka. Ee Mungu utusamehe, tulipiga vigelegele. Mwanamke mmoja akasema, "Wangojee wafike Butare basi!" Na tukacheka tena, na mle ndani mtu anakufa.

Swafiya alikuwa ameshaanza kuona nyota aliposikia ile pumzi mbovu ikipita juu yake. Mikono ikamwachia. Alidhani Umuhoza amempiga tena. Alifungua macho. Twizeyimana alikuwa amepiga magoti, na mikono yake mwenyewe ilikuwa inapanda. Alikuwa anaipinga. Mabega yalitetemeka, mishipa ikasimama. Ikapanda. Ikafika shingoni kwake. Ikashika.

"Mwambie aache," alinong'ona, anamtazama Swafiya. "Shemeji. Mwambie."

Swafiya hakusema neno.

Vidole vikabana. Ulimi ukatoka. Alijitupa huku na huku, akavunja kabati kwa kichwa, akarusha mateke mpaka jiko likang'oka. Mtu akijikaba mwenyewe, akizimia mikono hulegea. Ya huyu haikulegea. Alizimia, macho yakageuka, na mikono ikaendelea. Umuhoza, kajibana kona, aliisikia shingo ikilia. Na bado ikaendelea kubana.

Ndipo mlango ukafunguka wenyewe, taratibu, mbele ya macho yetu sote tuliokuwa tunacheka.

Wanaume wawili walijaribu kuvitoa vile vidole, ikabidi wavivunje. Karatasi ya kifo iliandikwa kwamba moyo ulisimama, na hatukubisha, nani angebisha na angesema nini? Alizikwa kabla ya alasiri. Kombi tuliisukuma mpaka nyuma ya ukuta, ikakaa huko na mchele wake ndani.

Siku ya tatu ya msiba, Umuhoza alikuja kukaa mbele ya dada yake. Midomo ilikuwa imevimba, anaongea kwa shida.

"Siku ulipomwosha Mukandekezi, uliona?"

"Niliona."

"Alipokuja kuniposa, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, mdogo wangu."

"Nikakuletea ramani. Nikakuonyesha msituni tutakapolala, mimi na yeye peke yetu." Umuhoza alikuwa hapigi kelele, na hilo ndilo lililomchoma Swafiya. "Ukaenda kupima madirisha."

Swafiya alinyoosha mkono amshike. Umuhoza akausogeza kando, si kwa nguvu, akasimama akaenda kufunga nguo zake. Alipanda basi la Bujumbura kwa mama yao mdogo. Salamu zimetumwa kwa kila msafiri anayekwenda huko. Wanazifikisha. Hakuna hata mmoja aliyerudi na jibu.

Mkono wa Swafiya ulipona wiki ileile. Mdomo ukapona, ubavu ukaunga. Zile alama pana za shingoni nazo zilianza kufifia, kijani, halafu njano, tukasema alhamdulillahi, yamekwisha. Zilipotoka zote, chini yake palikuwa na nyingine.

Nimeziona mchana kweupe, nikiwa nimekaa naye hatua moja. Si za Twizeyimana. Hizi ni nyembamba, ndogo, za mkono wa mwanamke; Swafiya aliuosha mkono huo Aprili, anaujua. Ukipita kibarazani siku nyingine unakuta zimefifia, ukidhani zinaondoka. Asubuhi inayofuata Swafiya yuko kwenye cherehani, hajavaa mtandio, hajifichi tena kwa mtu, na alama ziko mbichi, ngozi bado imebonyea.