Jina la Marehemu Wankyo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Wankyo aliteka maji ziwani, akafagia uwanja, kisha akamwamkia bibi yake, Gati. Halafu alizunguka nyuma ya jiko na kumeza kapsuli moja. Hilo hakumwambia mtu.

Tabia hiyo aliitoa kisiwani Rukuba, alikokwenda likizo kumsaidia baba yake kuanika dagaa. Wavuvi kambini walikunywa maji ya ziwa bila kuyachemsha. Eti ili tumbo lisiwasumbue, kila siku walimeza kapsuli ya homa ya matumbo. Ilikuwa mwaka 1995, na dawa ziliuzwa dukani pamoja na sabuni na betri. Wankyo alirudi kijijini kwao Nyegina na kopo zima. Mama yake, Marcelina, alikuwa amepiga marufuku dawa za dukani, kwa hiyo binti akanyamaza.

Baada ya wiki kadhaa akaanza kuishiwa nguvu. Mchakamchaka ulimshinda. Mama akampeleka kituo cha afya, na Dokta Isidori akampima damu.

"Malaria hana," alisema. "Lakini damu imepungua, na chembe nyeupe zinazopigana na magonjwa ziko chini sana. Kuna dawa anayotumia?"

"Hakuna, Dokta," mama alijibu.

Wankyo aliangalia vidole vya miguu yake. Sentensi moja tu ingetosha, naye akaimeza!

"Mrudi Ijumaa. Zikizidi kushuka, tutampeleka hospitali ya Musoma."

Bibi Gati aliposikia habari hiyo, aliketi chini. Wankyo alipewa jina la shangazi yake, aliyefariki akiwa msichana mwaka 1982, wakati zahanati haikuwa na hata kidonge.

"Naye alianzaga hivi hivi," Bibi alinong'ona. "Viganja vilikuwaga vyeupe. Sasa anamtaka wajina wake."

Tangu hapo Wankyo hakuwa na amani. Mchana kweupe, akiwa peke yake ziwani, alisikia jina lake likiitwa. Aligeuka, hakuona mtu. Aliogopa kuitika, aliogopa hata kukaa peke yake jikoni. Kwa hofu hiyo akaanza kumeza kapsuli mbili kwa siku, akidhani zitamkinga.

Alhamisi alasiri alimkuta Bibi amepiga magoti penye kaburi la shangazi, analia.

"Mwanangu, nilikukosea nini? Niachie huyu mmoja."

Wankyo alishindwa kuvumilia. Bibi mzee kama yule anamwomba radhi marehemu kwa kosa lisilo lake!

"Bibi, shangazi hajanifanya kitu," alisema huku akilia. "Ni mimi. Nilikuwa namezaga dawa kwa siri."

Ijumaa aliweka kopo mezani kwa daktari. Dokta Isidori alilisoma, akashusha pumzi.

"Dawa hii huponya, lakini ikitumiwa ovyo huzuia mwili kutengeneza damu. Acha leo hii. Kipimo kilinionyesha kwamba damu imepungua. Sababu ulikuwa nayo wewe. Siku nyingine ukiulizwa dawa, taja zote, hata ya dukani, hata ya mizizi."

Wiki tatu baadaye damu ilikuwa imepanda. Bibi Gati alimshika mjukuu wake viganja, akavitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu alikufa kwa kukosa dawa," alisema. "Wewe ulitaka kunifia kwa kuzificha. Usirudie tena, mjukuu wangu."