Korongo Wawili Waliotoweka

Bahasha ilikuwa mahali pake, uzi umefungwa vizuri, kwa hiyo Mwalimu Kuramochi Hatsue hakushtuka mpaka alipohesabu. Ilikuwa Jumatatu, tarehe kumi na nne Novemba, mwaka wa hamsini na nane wa Showa kwa kalenda ya Kijapani, yaani 1983, saa mbili kasoro dakika ishirini asubuhi. Jumamosi alitia insha kumi na mbili. Sasa zilikuwa kumi.

Alihesabu tena. Kumi.

Hizo zilikuwa insha za mashindano ya mkoa: kila mtoto aeleze kitabu akipendacho, amshawishi mwenzake akisome. Shule ya msingi ya Kazamori ilikuwa na watoto themanini na sita, na mwaka huo hata wavivu waliandika; walimu wakachagua kumi na mbili. Bahasha ilitakiwa ifike posta kabla ya saa kumi alasiri.

Kuramochi, mwalimu wa darasa la nne na msimamizi wa maktaba kwa miaka kumi na tisa, alitoa orodha yake na kuweka alama. Iliyokosekana kwanza ni ya Iwabuchi Chinatsu, binti wa darasa la tano. Ya pili ni ya Makabe Ryoji, wa darasa la tatu. Wote wawili waliandika juu ya kitabu kimoja cha picha, *Korongo na Taa Nyekundu*, na wote wawili walinakili jalada lake kwenye ukurasa wa kwanza: korongo mmoja, mguu juu, taa mdomoni.

Mlango wa maktaba haukuvunjwa. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, ukining'inia chumba cha walimu juu ya daftari, na kila auchukuaye hupiga muhuri wa jina lake na kuandika saa. Kuramochi alilifungua daftari. Jumamosi, baada ya watoto kwenda nyumbani, kulikuwa na mihuri miwili. Sugawara, saa saba kasoro dakika kumi hadi saa saba na dakika ishirini. Iwabuchi, saa nane hadi saa tisa kasoro robo. Huyo wa pili alikuwa Bibi Tome, mfanyakazi wa usafi, nyanya yake Chinatsu. Hupiga deki na kutoa majivu ya jiko la kupasha maktaba joto kila Jumamosi.

Sugawara alikuwa mwalimu wa darasa la sita. Wiki iliyopita alisimama mkutanoni akapiga meza.

"Kitabu cha picha!" alisema siku ile. "Mkoa mzima watatucheka. Tupeleke na nyimbo za kubembelezea watoto basi!"

Kuramochi alimkuta akimwaga chai.

"Mwalimu Sugawara, Jumamosi ulifuata nini maktaba?"

"Kamusi. Mbona unaniuliza kama askari?"

"Insha mbili zimepotea. Zote za korongo."

Sugawara aliweka kikombe chini. Masikio yalimgeuka mekundu. "Kwa hiyo mwizi ni mimi."

"Sijasema."

"Uso wako umeshasema. Nilizipinga mkutanoni, mbele ya watu, nikashindwa kwa kura. Ningetaka kuiba ningenyamaza, mwenzangu. Nifungue kinywa halafu nikaibe?"

Kuramochi alirudi maktaba akiwa na hakika kuwa mwizi ni yeye, zaidi ya alivyopenda kukiri.

Wakati wa mapumziko aliwaita wale watoto wawili, mmoja mmoja. Ryoji aliingia akilia tayari.

"Niliandika mara nne, Mwalimu! Mkono uliniuma!"

"Kuna mtu aliyekuambia hataki insha yako iende?"

"Kaka yangu alisema mchoro wangu ni bata."

Chinatsu hakulia. Alisimama wima, akauliza kama aandike upya.

"Unakumbuka maneno yote?"

"Nakumbuka. Yanahusu Bibi anavyonisomea."

"Nyumbani wanajua uliyoyaandika?"

"Ijumaa wakati wa chakula nilimwambia Bibi nimemwandika yeye na kitabu cha korongo, na nimechora jalada. Nikamwambia mengine ni siri mpaka isomwe jukwaani." Alitabasamu kidogo. "Aliacha kula."

Kuramochi alimruhusu aende. Kisha akakaa na zile insha kumi, akazisoma zote tangu mwanzo, polepole. Ya saba ilikuwa ya Nomiyama Fusako wa darasa la sita. Haikuwa na mchoro. Kichwa chake, kwa maandishi manene yaliyojaa mstari mzima, kilikuwa *Korongo na Taa Nyekundu*.

Hiyo alikuwa ameisahau.

Insha za korongo zilikuwa tatu, si mbili. Sugawara angeona kichwa hicho hata akiwa mlangoni. Kama alichukia kitabu cha picha, angeiacha hii kwa nini? Na mtu aliyetaka insha ya Chinatsu peke yake, au ya Ryoji peke yake, angesoma jina na kuchukua moja. Mwizi alichukua zenye picha ya korongo. Yenye maandishi matupu hakuigusa.

Kuramochi aliinua macho. Dari juu ya jiko ilikuwa bado na masizi ya wiki iliyopita. Alikuwa amebandika karatasi kwenye mlango wa jiko: *Usiwashe, bomba limeziba.* Bibi Tome aliliwasha vilevile, moshi ukajaa, watu wakacheka. "Miwani nimeiacha nyumbani," alisema. Kuramochi alirudi kwenye daftari la ufunguo. Muhuri wa Iwabuchi ulikuwa umepigwa sawasawa, lakini zile saa zilikuwa mwandiko wa mwalimu wa zamu. Alifunua nyuma, mwezi hadi mwezi. Kila Jumamosi muhuri ni wake, mwandiko ni wa mtu mwingine.

Miaka kumi na moja wamefanya kazi pamoja, na hakuwahi kumwona Bibi Tome akivaa miwani.

Saa nane na nusu alibisha hodi katika chumba kidogo cha usafi, kando ya jiko la chakula la shule. Bibi Tome alikuwa ameketi juu ya mkeka, birika likichemka.

"Karibu, Mwalimu. Chai?"

"Bibi Tome, nimekuja kwa ajili ya korongo."

Bibi yule alilitazama birika. Hakukana. Alifungua kabati, akatoa kitambaa cha zambarau kilichofungwa fundo, akakiweka katikati yao.

"Nilikuta wawili," alisema. "Mguu juu, taa mdomoni, mapacha. Yupi wa Chinatsu? Nikachukua wote."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na wadogo watano wa kubeba mgongoni, nani angenipeleka shule? Mume wangu amekufa hajui. Mwanangu hajui. Halafu mtoto ananiambia amenitia kwenye karatasi, na karatasi inakwenda mkoani isomwe jukwaani." Alikunjua kitambaa. "Siku mbili nimekaa nazo, Mwalimu. Nazigeuza. Sijui hata kama amelisema hilo la kutojua kusoma. Nimeiba kitu, na nilichoiba sikijui!"

Kuramochi alikuwa amekuja na maneno makali kwa niaba ya watoto wawili walioumia. Badala yake alichukua insha ya Chinatsu akasoma kwa sauti.

"'Nilipokuwa mdogo Bibi alinisomea kitabu hiki kila siku. Nilipojua kusoma nikaona maneno yake si ya kitabuni, na kesho yake si ya jana. Siku moja korongo alifungua duka la tambi. Siku nyingine alimwoa mwezi. Kisomeni kitabu hiki mara moja, halafu mtafuteni mtu awahadithie kwa picha tu. Mimi ninaye, na sitaki aanze kusoma ya kitabuni.'"

Birika lilichemka mpaka likamwagika. Hakuna aliyelishika.

"Anajua," alisema Bibi Tome.

"Nadhani anajua. Hakuandika."

"Tangu lini?"

"Tangu alipojua kusoma. Miaka minne."

Bibi Tome alijifuta uso kwa aproni, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria. "Ipeleke. Nitamweleza mwenyewe leo, na yule mdogo nitamwomba radhi. Utanishtaki?"

"Mkuu wa shule nitamwambia, siwezi kumficha. Zaidi ya hapo, zilipatikana kabla ya posta kufungwa. Na mimi kuna mtu natakiwa nimwombe radhi."

Aliinuka. Bibi Tome akamshika mkono.

"Hiyo nyingine, ya mdogo. Amesimulia kitabu chenyewe?"

"Mwanzo hadi mwisho."

"Nisomee upesi."

Kuramochi alisoma amesimama. Korongo anaiba taa bandarini, upepo unaizima, anairudisha, anasamehewa, anakwenda kulala.

Bibi Tome aliinua uso.

"Basi?"

"Basi. Imeisha."

"Anakwenda kulala!" Bibi yule alitikisa kichwa, akaanza kucheka huku macho yakiwa bado mekundu. "Miaka yote nimeogopa kitabu hiki, Mwalimu. Cha kwangu kilikuwa kizuri zaidi."