Tambara Juu ya Bibi Kikohozi

Ulipita pale. Usinibishie. Ulipita kituo cha treni asubuhi ile, ukaona mlinzi anatiwa pingu chini ya Bibi Kikohozi, ukageuza uso kama umemkuta mtu anaoga.

Bibi Kikohozi ni kichwa cha treni ya mvuke kilichostaafishwa uani, kikongwe mweusi aliyekohoa kila kilima na bado akafika. Alikohoa mara ya mwisho siku boila lilipopasuka na kumuua mchochea moto, kaka wa mlinzi huyo. Wakubwa wakasema marehemu alisinzia kazini. Wewe ulisahau. Mimi sikusahau, wala mjane wake. Mjane alidai valvu ya usalama, ile inayoachia mvuke ukizidi, ipimwe kabla Bibi hajakatwa kuwa chuma chakavu. Siku ya kupima ilipofika, valvu haipo. Zamu ilikuwa ya mlinzi. Basi, mwizi kapatikana!

Inspekta, mama asiyependa kuharakishwa, alipanda juu ya boila. Tundu la valvu lilikuwa limezibwa kwa tambara lililoloweshwa oili, likafungwa kamba vizuri.

Alianza na mnunuzi wa chuma chakavu.

"Ukiiba valvu, unaziba tundu?"

Jamaa akacheka. "Afande, kwani naiba au nauguza? Ningeondoka na valvu, bomba, na hiyo ngazi uliyopandia."

Akamfuata mlinzi rumande.

"Shemeji yangu ameisubiri valvu hiyo miaka yote," mlinzi alisema. "Niiibe, halafu nimwambie nini?"

"Tundu uliliziba na nini?"

"Tundu gani, afande?"

Akabaki msimamizi wa karakana, fundi pekee baada ya wenzake wote kupunguzwa kazi na kurudi makwao.

"Bibi sijamgusa tangu ajali," alisema, mikono mfukoni.

"Sawa, mzee wangu. Hebu nifungulie bomba la pampu ile, nilitazame."

Alishika spana huku akinung'unika kwamba polisi hawana kazi. Akampa bomba. Kisha, bado ananung'unika, akavuta tambara, akalichovya kwenye oili, akaziba tundu la pampu na kulifunga kamba. Ndivyo karakana ile ilivyofundisha: tundu lisilale wazi, vumbi lisiingie. Mikono ilikwenda yenyewe.

Akaona inspekta anaitazama.

"Mwizi gani huyo," mama aliuliza taratibu, "anayemkinga na vumbi Bibi anayekwenda kukatwa?"

Msimamizi aliketi chini. Valvu ilitolewa kwenye pipa lake la grisi, waya bado umeikaba.

Mjane aliitwa. Aliugusa ule waya. "Huu wa nini?"

"Isifyatuke," msimamizi alijibu. "Mzigo ulizidi, mvuke ukawa hautoshi kupanda kilima. Wakubwa walitaka treni ifike tu. Niliagizwa, shemeji."

"Usiniite shemeji. Mume wangu alisinzia?"

"Hakusinzia. Aliniomba nisikaze. Nikamwambia akiogopa, kazi aache."

Mjane hakulia. Alisema, "Rudia. Kwa sauti. Mdogo wake asikie huko rumande."

Mlinzi katoka, msimamizi kaingia. Waliomwagiza bado wanakunywa chai ofisini, na mashine yao ya kukata chuma imeshafika getini, maana boila lililopasuka nalo lina la kusema. Mjane amesimama mbele ya Bibi Kikohozi, yeye na shemeji yake, wawili tu. Weka chini ulichoshika. Safari hii usigeuze uso. Njoo usimame nao. Sasa hivi.